Kadi ya kugusisha: hela iko wapi hasa?

Mtu akipoteza kadi ya basi au treni, ile ya kugusisha getini, utasikia mmoja anasema "basi tena, hela imeenda na kadi", na mwingine palepale anamjibu "tulia, hela haikai kwenye kadi, iko kwenye mtandao". Wote wawili wanaongea kwa uhakika kabisa na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni kadi ya aina gani. Na hapo ndo kila kitu kilipo, maana namna ya kuitunza kadi, cha kufanya ikipotea, na hata kama ile pochi au kifuko cha chuma cha kuzuia wezi wasiisome kadi hewani kina faida kwako, vyote vinategemea jibu la swali hilo moja ambalo watu wanaliruka.

Maana kwanza, haraka. Kadi ya kugusisha ni plastiki yenye chipu ndogo na antena ya waya mwembamba uliozungushwa ndani yake, mara nyingi pembezoni. Haina betri. Mashine ya getini inatengeneza uga wa sumaku unaobadilika mara milioni 13.56 kwa sekunde, ule waya unaukamata, umeme kidogo unazaliwa (kanuni ni ileile aliyoionyesha mwanasayansi Michael Faraday mwaka 1831), chipu inaamka, inajibu, geti linafunguka. Mifumo mingi inafuata kiwango kinachoitwa ISO/IEC 14443, na umbali wa kusomeka ni sentimita 10 hivi kwenda chini, na getini ni chini ya hapo. Hayo yanatosha kwa maana, sasa twende kwenye tofauti.

Kuna kadi ambazo salio liko kwenye chipu kweli. Octopus ya Hong Kong ilianza hivyo mwaka 1997, Suica ya Tokyo 2001, Oyster ya London 2003. Walifanya hivyo kwa sababu ya msingi kabisa, geti la stesheni halina muda wa kupiga simu makao makuu kuuliza huyu ana hela au hana. Suica ilitengenezwa ili kazi yote pale getini iishe ndani ya sekunde 0.2, maana nyuma yako kuna foleni ya watu wanaowahi kazini, na basi nalo liko barabarani, mtandao upo au haupo. Kwa hiyo mashine inasoma salio kutoka kwenye chipu, inakata nauli, halafu inaandika salio jipya kwenye chipu hiyohiyo. Inaandika. Hapo ndo wengi hawapajui, wanadhani kadi inasomwa tu kama inavyosomwa namba kwenye karatasi, kwa hiyo wanaipitisha juu ya mashine kwa kasi kama wanafukuza nzi, ikikataa wanasema mashine mbovu. Ukiiondoa kadi katikati ya kuandikwa, umeme wake wote umeondoka nao, na chipu nzuri imetengenezwa irudi kwenye hali ya mwanzo ili salio lisiharibike, ila wewe unabaki umesimama getini. Ilaze kwenye mashine, itulie hapo mpaka isikike ile sauti au uone taa, basi.

Aina ya pili, kadi haina salio. Inachosema ni "mimi ni namba fulani" na kuthibitisha kwamba kweli ndo yenyewe, na hesabu yote inafanyika kwenye kompyuta za kampuni ya usafiri, saa ingine mpaka usiku safari zako zote za siku zikishajulikana. Ventra ya Chicago ilikuja hivyo mwaka 2013, OMNY ya New York ilianza 2019, na London wakaanza kupokea kadi za kawaida za benki kwenye mabasi mwaka 2012 na kwenye treni za chini ya ardhi 2014, pembeni ya Oyster yao. Yani mji mmoja, geti moja, mashine moja, lakini kadi mbili zinazofanya kazi kwa namna mbili tofauti kabisa, sasa mtu anayekwambia "hizi kadi zote ni kitu kimoja" anakupoteza.

Utajuaje ya kwako ni ipi? Weka hela kupitia simu au tovuti halafu angalia. Kama hela inaonekana na kutumika papo hapo bila kadi kuguswa na kitu chochote, salio liko kwenye akaunti. Kama unaambiwa uende ukaigusishe kwenye mashine fulani ili hela "iingie", salio liko kwenye chipu, maana hakuna njia ya kuiandikia chipu ikiwa mfukoni kwako, lazima ikutane na mashine. Wengi wanakasirika wanaona wameibiwa, kumbe hela yao inasubiri kuandikwa. Njia nyingine, kama kuna programu ya kuangalia salio kwa kubandika kadi nyuma ya simu, zima data na mtandao wote, uiache ile NFC tu, yani uwezo wa simu kusoma kadi iliyo karibu, halafu jaribu. Salio likitokea bila mtandao basi limesomwa kwenye chipu yenyewe.

Sasa rudi kwenye kupotea. Yule anayesema hela imeenda na kadi yuko sahihi kwa kadi ya chipu ambayo haijasajiliwa, hiyo ni sawa na noti, aliyeiokota ndo mwenye nayo. Lakini ikisajiliwa mambo yanabadilika hata kama salio liko kwenye chipu, kwa sababu mashine zinatuma kumbukumbu za kila safari makao makuu baadaye, kwa hiyo wana nakala ya salio lako iliyochelewa kidogo, na kadi ikifungiwa wanaweza kukurudishia kinachoonekana kwenye nakala ile. Na yule wa "iko kwenye mtandao" naye anakosea kwa upande wake, maana hata kadi ya akaunti, kama hujaisajili, akaunti ipo ila haina mwenyewe. Hela ipo salama kabisa na wewe huna namna ya kuthibitisha ni yako. Wanauliza jina, hakuna, wanauliza namba ya kadi, hukuiandika popote.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha usalama ni usajili, na cha pili ni picha ya namba iliyo nyuma ya kadi ya usafiri, ikae mahali ambapo utaipata hata ukipoteza begi lote pamoja na simu. Hiyo ni ya kadi ya usafiri lakini, ya benki usiipige picha. Dakika chache tu, na ni bure kwa kawaida, sielewi kwa nini watu wananunua vifuko vya gharama kabla ya kufanya hivi.

Halafu kuna hili la kufungia kadi. "Nimeshapiga simu wameifunga" haimaanishi imekufa sekunde ileile. Kadi ya akaunti inafungwa kwenye kompyuta kuu, ila mashine iliyo ndani ya basi inafanya kazi na orodha ya kadi zilizokatazwa, na orodha hiyo inabidi iifikie mashine kwanza, na kwa mifumo ya chipu mashine nyingine zinaipokea kwa vipindi, si kila dakika. Mwizi anaweza kusafiri kidogo hapo katikati. Uliza huduma kwa wateja hasara inahesabiwa kuanzia saa ngapi, maana mara nyingi ni kuanzia ulipotoa taarifa, kwa hiyo usisubiri mpaka jioni ukijipa moyo kwamba labda iko nyumbani.

Sasa lile la kunyonywa salio hewani, yani hofu kwamba mtu mwenye mashine akipita karibu nawe anaweza kuchukua hela bila hata kuigusa kadi. Kwenye neno hilo moja watu wanachanganya mambo matatu: kusoma namba, kunakili kadi, na kukata hela. Kusoma namba ya chipu ukiwa karibu sana inawezekana, ni kweli. Kunakili imeshawahi kutokea, mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Radboud kule Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kwamba chipu ya MIFARE Classic, iliyokuwa ndani ya kadi za usafiri za miji mingi ikiwemo Oyster, usimbaji wake wa siri (namna ya kuficha taarifa kwa funguo) ulikuwa dhaifu, funguo za biti 48 tu, fupi mno, na inaweza kuvunjwa. Lilikuwa jambo kubwa na lilisukuma kampuni kuhamia chipu zenye usimbaji imara zaidi. Ila angalia nani alikuwa anaumia zaidi pale, kampuni ya usafiri, maana mtu mwenye kadi ya kunakili anasafiri bure kwa hasara yao. Na kukata hela, mtu anayepita nawe kwenye msongamano akutoe salio la nauli liingie mfukoni kwake, hiyo ni habari nyingine. Kuandika kwenye chipu kunataka funguo za kampuni, na hata angekuwa nazo, salio la nauli likipunguzwa kwenye chipu yako haliendi popote, halina pa kutokea likawa hela yake. Kadi ya benki nayo inataka mtu awe na akaunti ya mfanyabiashara inayojulikana jina na mahali.

Ndo maana nasema hatari ya kila siku ni kadi kuanguka, kusahaulika kwenye kiti au kuchomolewa mfukoni. Ukiielewa hiyo utaona kifuko cha chuma kwa namna nyingine. Kinafanya kazi, chuma kinaua ule uga wa sumaku na kadi haisomeki, lakini sasa kila safari unaichomoa kadi nzima nzima, unaishika mkononi pamoja na simu na mwavuli, unairudisha huku unatembea, na hapohapo ndo inaponyoka. Kwa msafiri wa kila siku kadi nzuri ni ile isiyotoka kwenye kishikio chake kabisa, inagusishwa ikiwa ndani.

Kifuko kinafaa kwa kitu kingine, zile kadi nyingine. Ukiweka kadi ya usafiri na kadi ya benki pamoja halafu ukabandika pochi nzima getini, zote mbili zinaamka na kujibu. Mashine inaweza kukataa, au ikachukua ile usiyoikusudia, ukaingia kwa moja na kutoka kwa nyingine, na kwa mifumo inayotoza kwa umbali utahesabiwa safari mbili ambazo hazijakamilika na kutozwa nauli ya juu mara mbili. Hili linawakuta watu wengi kuliko huo wizi wa hewani, na dawa yake ni ndogo sana, kadi ya usafiri ikae peke yake. Upande mmoja wa pochi inayofunguka katikati, kadi za benki upande wa pili, unaifungua na kugusisha ule upande mmoja. Au kishikio cha shingoni chenye kamba inayovutika, ila geuza upande wenye namba na jina uwe ndani. Mfuko wa nyuma wa suruali hapana, unaikalia kadi, inapinda, na siku moja kiunganishi kati ya chipu na antena kinakatika bila alama yoyote kwa nje.

Na tafadhali usiitoboe ili upitishe kamba. Washa tochi ya simu nyuma ya kadi gizani, kwa baadhi ya kadi utauona ule waya umezunguka raundi kadhaa karibu na ukingo, palepale ambapo watu hupenda kutoboa. Ukikata mzunguko mmoja antena imekufa, chipu nzima lakini haipati umeme. Sumaku ya mkoba, kwa upande mwingine, haina shida na chipu, hofu hiyo imetoka kwenye kadi za zamani za utepe mweusi wa sumaku. Cha kuogopa ni kuacha kadi katikati ya simu na chaja isiyo na waya, watengenezaji wa simu wenyewe wanaonya kwamba chipu inaweza kuharibika.

Tukija kwenye simu, hapa pia kuna usemi unaohitaji kunyooshwa. Mtu ameweka kadi yake ya benki kwenye simu, asubuhi anagusisha simu, jioni betri imeisha anagusisha plastiki, na anasema "nimetumia kadi ileile". Kwa benki ndiyo, hela inatoka sehemu moja. Kwa geti hapana, simu inapewa namba yake ya pekee isiyo ile iliyochapishwa kwenye plastiki, kwa hiyo geti linaweza kuona wasafiri wawili, na kama ungepata punguzo la siku kwa kusafiri mara nyingi, huenda usilipate kwa sababu safari zimegawanyika. Saa nayo ina namba yake vilevile. Kwa hiyo mwenzangu, ukienda kulalamika kwamba umetozwa mara mbili, usiwaambie ni kadi ileile, waambie uliingia na simu ukatoka na plastiki, watajua pa kuangalia.