Si kemikali tu: ugumu wa tishu nao huziongoza seli shina za jicho

Kwa miaka mingi imeaminika kwamba jicho likiungua kwa chokaa tatizo kuu ni moja: seli shina, yaani seli changa zinazozaa seli mpya za jicho, zimekufa, basi zipandikizwe nyingine. Hiyo ni nusu ya habari.

Seli hizo hukaa kwenye limbasi, ukingo mwembamba wa milimita 1 hadi 2 hivi, pale weusi wa jicho unapokutana na weupe. Tishu ya hapo ni laini kuliko katikati ya konea, kioo angavu cha mbele ya jicho. Seli huishika kolajeni, protini ya nyuzi iliyo chini yake, na kuivuta. Ikinyumbuka, seli hubaki shina. Ikikaza, protini iitwayo YAP huingia kwenye kiini, seli hukomaa na akiba hupungua. Chokaa huikaza limbasi, kwa hiyo hata seli mpya huwekwa mahali pasipozilea.

Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha kuwa kolajenesi, kimeng'enya kinachokata kolajeni, huilainisha tena. Bado ni utafiti, usijitibu nayo! Chokaa ikiingia jichoni, fumbua kope, mwagia maji safi mfululizo dakika 30, kisha nenda hospitali mara moja.