Mshale wa upepo hutazama upepo unakotoka

Katika taarifa ya hali ya hewa ya jioni kuna sentensi ambayo wengi huipitisha sikioni tu: upepo wa Pwani utavuma kutoka Kusini-Mashariki kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa. Neno la kushika hapo ni "kutoka". Kila wanafunzi wanapotembelea kituo chetu cha hali ya hewa huwa ninawauliza: mshale ule ulio juu ya mlingoti unaonyesha upepo unakokwenda au unakotoka? Wengi hujibu unakokwenda. Hapana, huonyesha unakotoka, na sababu yake iko kwenye umbo la chombo chenyewe.

Kionyesha upepo ni fimbo iliyolazwa juu ya mhimili. Upande mmoja una ncha nyembamba, upande wa pili una mkia mpana kama kasia. Upepo ukipiga, mkia ndio unaopata msukumo mkubwa, hivyo huzungushwa mpaka ukae nyuma ya mhimili, na ncha hubaki imeukabili upepo. Aliyewahi kuwatazama samaki mtoni ameshaliona jambo hilo: hukaa vichwa vikielekea maji yanakotoka.

Nasi upepo huupa jina la kwao, kwa sababu huko ndiko ulikochukua unyevu, joto au vumbi unalotuletea. Watu wa mwambao walilijua hili zamani. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, mshale hutazama kaskazini-mashariki. Kusi ikishika, hugeukia kusini-mashariki na kukaa huko miezi mingi, na kadiri unavyopanda kuelekea Lamu ndivyo kusi inavyozidi kutoka kusini halisi. Pepo hizi mbili ndizo zilizozaa majina tunayoyatumia hata katika ramani, kaskazini na kusini.

Chombo chenyewe ni cha kale sana. Athens, nchini Ugiriki, bado umesimama mnara wa marumaru wenye pande nane, uliojengwa na Andronicus wa Cyrrhus zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kila upande umechongwa sura ya upepo mmoja. Boreas wa kaskazini ni mzee mwenye ndevu aliyejifunika nguo nzito, na Notos wa kusini anamwaga maji kutoka kwenye mtungi, maana kwa Wagiriki upepo wake ulileta mvua. Mwandishi wa Kirumi Vitruvius anaeleza kuwa juu ya mnara palikuwa na sanamu ya shaba ya Triton, nusu mtu nusu samaki, iliyozunguka na kuukabili upepo huku ikinyoosha fimbo juu ya sura ya upepo unaovuma. Kanuni ni ileile ya mshale wetu. Ulaya ya Kikristo baadaye ilipenda jogoo, ishara ya kisa cha Petro kumkana Yesu. Jogoo mmoja wa karne ya 9, aliyetengenezwa kwa agizo la Askofu Ramperto, amehifadhiwa katika makumbusho ya Brescia, Italia. Boston, Marekani, kuna panzi wa shaba aliyetengenezwa na Shem Drowne mwaka 1742, na mpaka leo yuko juu ya Faneuil Hall. Mafundi wa vyombo vya namna hiyo hugonga bati la shaba juu ya kalibu, nusu moja kwa kila ubavu, kisha hulehemu nusu hizo pamoja na kuzipaka dhahabu isiyoshika kutu.

Shule au kikundi cha wavuvi hawahitaji dhahabu. Kitu bora nilichokiona kikitumika kama mhimili ni habu ya gurudumu la mbele la baiskeli, kwa kuwa gololi zake huzunguka hata kwa upepo mdogo. Funga fimbo nyepesi juu yake, mkia uwe wa bati au plastiki ngumu. Kisha usawazishe uzito: ongeza nati mbele mpaka fimbo itulie pale ilipokaa juu ya mhimili, bila kuinama upande wowote. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi. Mkia ukiwa mzito na mlingoti ukainama hata kidogo, mkia utaangukia upande wa chini, na mshale utakuonyesha mwinamo wa mlingoti badala ya upepo.

Kuipata kaskazini, usiiegemeze simu kwenye bomba la chuma, kwani chuma huipotosha dira yake. Simika kijiti wima mahali tambarare. Weka alama kwenye ncha ya kivuli asubuhi, kisha alasiri kivuli kinapofikia urefu uleule. Mstari unaounganisha alama hizo mbili unakwenda mashariki–magharibi. Unapoandika pande za dunia, usiandike herufi moja moja: kaskazini na kusini zote zinaanza na K, mashariki na magharibi zote na M.

Mahali pa kukiweka ndipo panapoamua kama chombo kina faida. Vituo vya hali ya hewa hupima upepo mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi, na kizuizi chochote kiwe mbali angalau mara kumi ya kimo chake. Shule moja niliyoitembelea ilikuwa imesimika chake jirani na mwarobaini mkubwa. Daftari la Juni, mwezi wa kusi, lilikuwa na upepo wa kila upande. Wanafunzi waliandika kwa uaminifu walichokiona. Kilichouzungusha mshale ni hewa iliyogonga mti na kujizungusha nyuma yake.

Daftari nalo lina mtego. Tunahesabu nyuzi za mwelekeo kuanzia kaskazini kwa kwenda mashariki, hadi 360 ambayo ni kaskazini tena. Ukisoma nyuzi 350, kisha nyuzi 10, upepo wote huo ni wa kaskazini. Ukijumlisha na kugawa kwa mbili unapata 180, yaani kusini! Rubani akipewa jibu hilo atatua huku upepo ukimsukuma kwa nyuma, ilhali ndege hutakiwa kuruka na kutua zikiukabili upepo.

Wakaao pwani wana nafasi nzuri ya kukijaribu chombo wakati wa maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Amka kabla ya jua: mshale mara nyingi utakuta umetazama bara, kwa kuwa usiku nchi kavu hupoa haraka na hewa yake hutelemkia baharini. Jua likipanda utayumba, utasimama kidogo kama umepotea njia, kisha utageuka na kutazama bahari. Andika saa uliyouona ukigeuka, na kesho uandike tena.