Tiba ya mazungumzo ni nini?

Tiba ya mazungumzo ni matibabu ya hisia, mawazo na mahusiano, yanayotolewa na mtu aliyeisomea kazi hiyo, kwa miadi. Kipindi kimoja huchukua dakika 45 hadi 60, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Kwa wasiwasi uliopitiliza na hali ya kujidharau, aina inayotumika sana ni tiba ya fikra na tabia, iliyoasisiwa na Mmarekani Aaron Beck katika miaka ya 1960. Huchukua vipindi 6 hadi 20 hivi.

Kusini huku mwa Tanzania hatujakosa washauri. Yupo kungwi aliyekufunda unyagoni, yupo shehe, wapo wazee wa ukoo. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, kwa kawaida, mgogoro upite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya talaka kuombwa mahakamani. Wote hao huelekeza au hupatanisha: vumilia, omba radhi, rudi kwa mumeo. Mtaalamu wa tiba hakuamulii. Anakusaidia kuona mnyororo wa mambo unaokurudisha palepale, kisha mnapanga zoezi la kuukata. Anayekwambia "achana naye" siku ya kwanza anakupa maoni yake tu.

Mnyororo wenyewe huwa hivi. Ni msimu wa korosho. Mume yuko ghalani Newala, mke Mikindani. Simu haipokelewi kwa saa mbili. Wazo linaingia: "Ana mwingine." Moyo unaenda mbio, tumbo linakaza, anapiga mara 14. Mume anapokea kwa ukali, na ukali ule unageuka ushahidi. Kesho yake mume anazima simu mapema ili apumzike. Wasiwasi umezaa kilekile ulichokuwa unakiogopa. Na chini ya "ana mwingine" mara nyingi limelala wazo la zamani zaidi: "Mimi si wa kupendwa." Ndiyo maana ugomvi wa ndani ya nyumba, wasiwasi na kujidharau huweza kutibiwa kwa pamoja.

Zoezi la kwanza ni daftari, hata la shule linatosha. Andika tukio kwa sentensi moja, wazo lililokuja, hisia na ukali wake kati ya 0 na 100. Kisha ushahidi unaoliunga mkono wazo, na unaolipinga. "Sauti yake ilikuwa ya baridi" ni tafsiri. "Hakupokea kuanzia saa nane hadi saa kumi" ni ushahidi. Malizia kwa wazo lenye uwiano, halafu pima hisia upya. Ikishuka kutoka 90 hadi 60, zoezi limefanya kazi, usitafute sifuri. Kosa la kawaida ni kuandika siku ya tatu, hasira imeshapoa na nusu ya mambo yamesahaulika.

Zoezi la pili ni gumu zaidi: kuchelewesha kupiga. Wiki ya kwanza dakika 15, kisha 30, kisha saa nzima. Kupiga kunatuliza papo hapo, lakini kunaufundisha ubongo kwamba umepona kwa sababu umepiga. Ukingoja, wasiwasi unapanda, unafika kilele, unashuka wenyewe. Mwili unapaswa kuliona hilo, kuambiwa hakutoshi.

Wanandoa wakija wote wawili, mmoja husema dakika tano kuhusu tukio moja tu, mwenzake anarudia alichosikia kabla ya kujibu. Zoezi hili huharibika pale mmoja anapofukua deni la harusi ya shemeji, au anapokuja kutafuta hakimu wa kumpa ushindi. Penye kipigo, kikao cha pamoja si salama: atakayesema ukweli mbele ya mtaalamu anaweza kuulipia nyumbani. Hapo pa kwenda ni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Wengi huanza kwa kusema "nina presha", kumbe kipimo kinasoma kawaida. Hata hivyo pima kwanza, kwa kuwa upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingo navyo huufanya moyo uende mbio. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, uulizie huduma ya afya ya akili. Huko si kupelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, kama mtaa unavyopenda kutania. Huenda ukapewa dodoso la GAD-7 la kupima wasiwasi: maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 21, na kuanzia 10 uchunguzi zaidi unahitajika. Muulize mtaalamu amesomea nini, na baada ya vipindi vingapi mtapima maendeleo. Anayewaza kujiua asingoje miadi: apelekwe hospitali siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake njiani.