Palipokuwa na Sheli Pasijengwe Kabla ya Kupima Udongo na Maji

Maombi ya kubadili matumizi ya viwanja vilivyokuwa vituo vya mafuta jijini Tanga yamekuwa yakija kwa wingi kuliko zamani, na si ajabu, kwa kuwa sheli nyingi ndogo zimebanwa katikati ya makazi huku viwanja vya kandokando ya barabara vikipanda bei. Mwombaji huleta hati, ramani ya ghorofa iliyochorwa vizuri na risiti ya kodi ya ardhi, lakini akiulizwa taarifa ya vipimo vya udongo hushangaa, na wakati mwingine hukasirika akidhani anawekewa kikwazo. Makala haya yanaeleza kwa nini taarifa hiyo huulizwa na jinsi inavyopatikana.

Jibu tunalolisikia mara nyingi ni kwamba mafuta yameshakauka kwa sababu kituo kilifungwa miaka mingi. Jua hukausha kilichomwagika juu ya zege. Halifiki kwenye tangi la chuma lililozikwa, ambalo huenda lililiwa na kutu na kuvuja kidogo kidogo bila mwenye kituo kuona zaidi ya upungufu wa lita chache katika hesabu za siku. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo ikishuka hadi usawa wa maji ya ardhini huelea na kutandaa, huku kemikali ya benzini iliyomo, ambayo husababisha saratani ya damu, ikiyeyuka na kusafiri pamoja na maji hayo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzini katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita, ilhali harufu yake katika maji huanza kusikika ikifika takriban miligramu 10 kwa lita, yaani mara elfu moja zaidi. Mtu anayesema kisima chake ni salama kwa kuwa hakinuki hajapima chochote.

Kwa Tanga suala hili lina uzito wa pekee. Ukanda wetu una mwamba wa chokaa na wa matumbawe, na aliyewahi kuingia katika Mapango ya Amboni anajua maji yanavyoutoboa mwamba wa namna hiyo. Uvujaji ukipata ufa haushuki wima. Hufuata ufa huo na kutokea kwa jirani ambaye hajawahi kuuza hata lita moja ya mafuta ya taa. Tena karibu na bahari usawa wa maji ya ardhini hupanda na kushuka kwa kufuata kujaa na kupwa, na hasa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hiyo mafuta yanayoelea huupaka udongo juu na chini. Shimo moja fupi lililochimbwa na kibarua kwa sururu haliwezi kuonyesha hali hiyo.

Wapo wanaotuambia kuwa wao hawana kisima, wanatumia maji ya bomba kutoka bwawa la Mabayani. Hoja hiyo ni nusu tu ya ukweli, kwa sababu petroli hupenya ukuta wa bomba la plastiki lililolazwa katika udongo uliochafuka, na maji yaliyotoka safi kwenye mtambo huweza kufika jikoni yakiwa si safi tena. Mvuke nao hupanda kupitia nyufa za sakafu hadi vyumba vya chini.

Upimaji huanza na karatasi kabla ya kuchimba. Mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa hukusanya historia ya kiwanja: matangi yalikuwa mangapi, yalilala wapi, mabomba yalipita wapi kwenda kwenye pampu, na kama palikuwa na gereji au shimo la kumwagia oili chafu. Kituo kilichofanya kazi kabla ya mwaka 2006, wakati nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilipoachana na petroli yenye risasi, hupimwa risasi pia, maana madini hayo hayavukizwi wala hayaozi. Kisha udongo hutobolewa kwa keekee au mtambo kuzunguka matangi, chini ya njia za mabomba na kuelekea upande maji yanakotiririkia. Udongo uliochafuka mara nyingi hubadilika kuwa wa kijivu au mweusi, lakini rangi si kipimo. Sampuli huwekwa katika chombo cha kioo kinachojazwa hadi mdomoni bila kuacha nafasi ya hewa, hufunikwa mara moja, huwekewa lebo na kusafirishwa katika baridi ya nyuzi 4 hivi, ikiambatana na fomu ya makabidhiano inayosainiwa na kila aliyeipokea. Udongo unaoletwa ofisini katika mfuko wa rambo (mfuko wenyewe umepigwa marufuku tangu Juni 2019) haupimiki, kwa kuwa mvuke uliotakiwa kupimwa umeshatoroka njiani.

Tunasisitiza kuwa tangi tupu halipaswi kuuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu akalikate kwa gesi papo hapo. Mvuke wa petroli ukiwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa hulipuka kwa cheche moja, na tangi lililokwisha mafuta ndilo lenye mchanganyiko huo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lihusishwe kabla ya kulifukua.

Kuhusu adhabu, kifungu cha 187 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, kama kilivyotungwa mwaka 2004, kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 3 na isiyozidi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote viwili, kwa anayechafua mazingira, na mahakama inaweza kumwamuru alipe gharama zote za usafishaji. Sheria inamtaka mchafuzi alipe, lakini mnunuzi asijifariji mapema: akifukua udongo uliolowa mafuta na kuumwaga bondeni kama kifusi, mchafuzi sasa ni yeye. Udongo huo ni taka hatarishi na hubebwa na mwenye kibali pekee. Vilevile, kufutwa kwa leseni ya kuuza mafuta inayotolewa na EWURA (Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji) si cheti cha usafi wa ardhi.

Kwa mnunuzi, wakati mwafaka wa kupima ni kabla ya kulipa, na makubaliano ya nani atagharamia usafishaji yaandikwe ndani ya mkataba wa mauziano. Taarifa ikiletwa ofisini iwe na ramani ya mashimo yote na vina vyake, majibu halisi ya maabara yenye ithibati, na nakala za fomu za makabidhiano. Muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema “hali ni nzuri” utarudishwa.