Jina kubwa la chuo halikupi kazi ya fizikia tiba

Wengi hudhani uzamili wa fizikia kutoka chuo mashuhuri cha Marekani unatosha kumpa mtu kazi ya kupima mashine za mionzi hospitalini. Sivyo. Tangu 2014, huwezi kufanya sehemu ya pili ya mtihani wa ABR, bodi ya Marekani inayowapa wanafizikia tiba cheti cha kitaaluma, bila kumaliza mafunzo ya vitendo hospitalini, kwa kawaida miaka 2, yenye ithibati ya CAMPEP, tume inayokagua programu za fizikia tiba. Nafasi hizo hugombaniwa, na hapo ndipo wengi hukwama.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, tafuta kwenye tovuti ya programu ya fizikia tiba unayoitaka takwimu za wahitimu. CAMPEP inataka zitangazwe. Angalia waliopata mafunzo hayo. Wahitimu 10, waliopata 3? Uliza kulikoni.

Mwenye uzamivu wa fizikia haanzi upya: kuna programu za cheti cha fizikia tiba.