Diva: neno lilikotoka, na kazi ya Lyda Borelli

Kurasa zetu za burudani hazimalizi wiki bila kumwita mtu diva. Mwanamuziki akijaza ukumbi ni diva. Akichelewa jukwaani na kugombana na wapambe wake, watu husema ameanza udiva. Maana hii ya pili imeenea mno, hata wengi hudhani diva ni mwanamke mwenye maringo tu. Nadhani tunalipunja neno lenyewe, na zaidi tunawapunja wanawake walioitwa hivyo mwanzoni, kwa sababu waliitwa kwa kazi yao.

Diva ni neno la Kilatini lenye maana ya mungu wa kike. Katika *Norma*, opera (tamthilia ya kuimbwa) iliyooneshwa mara ya kwanza Milano, Italia, mwaka 1831, kuhani mwanamke anauomba mwezi akiuita “casta diva”, yaani mungu wa kike uliye safi. Katika karne hiyohiyo wapenzi wa opera walianza kuwaita hivyo waimbaji wao wakubwa. Kisha sinema ikaingia, nayo ikaliazima.

Mwaka 1913 studio moja ya mji wa Torino, Italia, ilimchukua mwigizaji Lyda Borelli kwa filamu ya *Ma l'amor mio non muore!* Hakuwa mgeni wa sanaa. Alikulia katika makundi ya tamthilia yaliyozunguka Italia mji kwa mji, ambamo kila mwigizaji alikuwa na cheo chake. Mwaka 1904 alikuwamo katika onyesho la kwanza la *La figlia di Iorio*, tamthilia ya mwandishi wa Italia Gabriele D'Annunzio, na baadaye akapanda hadi kuwa prima attrice, mwigizaji mkuu wa kike, ambaye tamthilia zilichaguliwa kwa kumwangalia yeye. Desturi hiyo ndiyo aliyoingia nayo studio. Diva wa sinema ni mwigizaji ambaye filamu nzima imeshonwa kwa kipimo chake, kama gauni: hadithi, mapambo, mwanga, hata urefu wa kila tukio. Waitalia huiita hali hiyo divismo. Kwa Kiswahili “udiva” ungetosha, kama tusingekuwa tumeshaugeuza kuwa tusi.

Filamu za wakati ule zilikuwa bubu. Kamera ilisimama mahali pamoja kwa muda mrefu, na picha ya uso kwa karibu ilikuwa adimu. Sasa fikiria kazi iliyobaki kwa mwigizaji: hana sauti, yuko mbali, na mtazamaji wa kiti cha nyuma kabisa lazima ajue kwamba moyo wake umevunjika. Borelli alijibu kwa mwili mzima. Shingo ililazwa nyuma, macho yakafumbwa nusu, mkono ukapanda polepole hadi kwenye nywele, na mwili ukaegemea pazia kana kwamba miguu imekataa kuubeba. Leo tukiona tunasema anazidisha. Mimi nashauri utazame tena, safari hii ukiangalia mabega tu: kila hisia huanzia hapo, kabla haijafika usoni. Katika filamu hiyo ya 1913 kuna tukio la chumba cha kuvalia chenye kioo cha pande tatu, tunamwona yeye na sura zake kiooni kwa wakati mmoja, na kamera haihitaji kusogea.

Wasichana wa Italia walimwiga kwa mavazi, mwendo na hata namna ya kusimama. Likazaliwa neno “borelleggiare”, kujifanya Borelli, na Alfredo Panzini akaliingiza katika kamusi yake ya maneno mapya. Ni waigizaji wachache mno ambao jina lao limegeuka kitenzi. Si wote waliofurahi: Antonio Gramsci, aliyekuwa akiandika uhakiki wa tamthilia Torino, alimshambulia mwaka 1917 akidai kwamba mvuto wake ni wa mwili tu, sanaa hakuna. Hapo simkubali. Mwili uliofunzwa jukwaani kwa miaka mingi nao ni sanaa.

Madiva hawakufanana, lakini. Francesca Bertini, katika *Assunta Spina* ya 1915, aliigiza dobi wa Napoli katika mitaa halisi ya mji huo, akiwa na shali mabegani badala ya hariri na manyoya.

Borelli aliigiza filamu kwa miaka mitano tu. Mwaka 1918 aliolewa na Vittorio Cini, tajiri wa viwanda, akaacha jukwaa na kamera pamoja, umaarufu wake ukiwa bado juu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia sinema ya Italia ilianguka, na filamu za kushonwa kwa kipimo cha mtu mmoja zikawa ghali kupita kiasi. Alifariki mwaka 1959. Jina lake limebaki mjini Bologna, kwenye nyumba ya kutunzia wazee waliokuwa waigizaji wa jukwaani.