Kiraka cha chupa hakishiki kwenye dumu

Kuanzia Mikindani hadi Kilwa Masoko, dumu la maji likipasuka kuna wanaoyeyushia chupa ya maji kwenye ufa, wakiamini plastiki zote ni kitu kimoja. Sivyo kabisa, na kiraka hicho kitabanduka.

Dumu ni polietilini: minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, iliyonyooka na kulaliana kwa karibu. Huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Mnyororo wa chupa una pete za kaboni, pamoja na oksijeni. Haupindi kirahisi, na huyeyuka karibu nyuzi 250. Joto hilo huliharibu dumu, na hata vyote vikiwa uji, minyororo yao haiingiliani.

Ukitaka kuona kuwa si plastiki moja, tia kipande cha kila kimoja majini: cha dumu kitaelea, cha chupa kitazama.

Kiraka kikate kwenye dumu kuukuu lenye namba 2 chini, alama ya polietilini hiyo. Kwangua ufa kwanza, maana jua limeshakata minyororo ya juu, kisha kandamiza kwa kisu cha moto mpaka ufa na kiraka viyeyuke pamoja. Ukiona moshi, joto limezidi. Dumu linalomeguka ukilibonyeza halizibiki tena.